Seli za Kaswera na Joto la Vifaranga

Kwa heshima zote zinazostahili internat yetu ya Butembo, shule ya bweni, natamka kwamba mimi, Nzanzu, niliiba seli za samaki. Niliziiba Ijumaa, kabla ya misa ya asubuhi.

Zilikuwa za Kaswera, wa darasa letu. Alikata kipande cha pezi la trauti, samaki wa maji baridi, kutoka mto wa Kipese, akakiweka katika chupa bapa yenye maji ya rangi ya waridi ya kulisha seli. Kwa wiki tatu seli zilitambaa chini ya chupa, naye akizichungulia kwa hadubini kama mama mzazi. Mchana huo angezipeleka Beni. Zikifika hai, maabara ya huko ingempokea likizo nzima.

Mimi nikaificha chupa yake chini ya kitanda changu, penye baridi ya kutosha, na mahali pake nikaacha chupa kama hiyo yenye grenadine, sharubati ya rangi ileile. Achungulie, asione kitu, apige kelele, nicheke. Mpango wa hekima.

Baada ya misa nilimkuta Kaswera analia, chupa ya moto mkononi. Papa Maliro, mchungaji wa kuku wa shule, alisimama kando akiifinyafinya kofia yake.

"Niliona kachupa kanasikia baridi," alisema. "Nikakaweka mu couveuse, mu sanduku ya joto, pamoja na batoto ba kuku. Bidogo byote binapenda joto, hapana?"

"Papa, ile ni samaki ya baridi! Yote imekufa!" Kaswera akalia.

Sikucheka. Masœur Godelive, mtawa mkuu wa shule, alikuwa ameapa kwamba mzaha wangu mwingine ungenirudisha nyumbani na godoro kichwani.

"Kaswera," nikasema, "unalilia grenadine."

Nikamletea chupa yake. Akaichungulia kwa hadubini.

"Ziko bazima," akanong'ona. "Na weye, Nzanzu, nitakuua."

"Ngoja kwanza," ilisema sauti mlangoni. Masœur Godelive. "Ile ya mu couveuse ni grenadine kweli?"

"Njo vile, Masœur," nikakiri.

"Basi, kunywa."

Nikanywa. Ilikuwa ya moto, na unyoya juu yake.

"Godoro libaki, maana umesema kweli. Lakini utabeba chupa ya Kaswera mpaka Beni, mu ndoo ya maji baridi, juu ya magoti. Seli zikikufa, utarudi nyumbani na godoro."

Njia nzima Kaswera alikaa kando yangu na dumu la maji. Joto lilipozidi, aliongeza maji baridi: kidogo kwenye ndoo, mengi kwenye suruali yangu.

Seli zilifika hai. Suruali ilikauka Jumapili.