Shimo Chini ya Kidole Gumba

Wataalamu wote wa dunia na watege masikio: mimi, Obinwanne Udeh, wa bweni la pili, nimegundua kanuni mpya ya sayansi. Mwalimu akikanyaga kitu kigumu, huruka kimo kinacholingana na ukali wake. Kanuni hiyo niliijaribu kwa Mwalimu Anyaso wa hisabati, mkali kuliko wote. Hakuruka hata unywele.

Nilikuwa natumikia adhabu ya kumpigia viatu rangi kila Jumamosi. Vilikuwa vyeusi, vipana kama mdomo wa bata, vimeshonwa na Fundi Ukandu wa hapa Aba. Bwenini tuliviita magodoro. Jumamosi moja niliinua ngozi ya ndani ya kiatu cha kulia nikaona fundi amechimba shimo kwenye soli laini, pale shina la kidole gumba linapokaa. Shimo tupu ni mwaliko. Nikakanda garri, unga wetu wa muhogo, nikalijaza mpaka likafanya kichuguu, nikakianika kiatu juani. Garri ilipokauka kama jiwe, nikairudisha ngozi.

Jumatatu Mwalimu alipita mbele ya gwaride kama gavana.

"Kaka, umekula hasara," Ndukwe, jirani yangu wa kitanda, alininong'oneza. "Watu wanalala njaa, wewe unalisha kiatu!"

Wiki ya nne Mwalimu alilazwa. Unyayo ulikuwa umetoboka hadi mfupa. Mkuu wa shule alinituma nimpelekee nguo na viatu vyake hospitalini. Nilimkuta Fundi Ukandu amesimama kando ya kitanda, kofia mkononi, na Mwalimu ameshika karatasi ya daktari ambayo hajaitia sahihi. Kesho yake wangemkata mguu chini ya goti.

"Ukandu, uliniambia kiatu hiki kitaniokoa," Mwalimu alisema. "Umeniuzia kisu."

"Oga, bosi wangu, niadhibu nikishakikagua. Wewe ugonjwa wa sukari umekuua nyayo, hazihisi kitu. Ukikanyaga msumari utaendelea kufundisha mpaka kengele ilie." Akachukua kiatu mikononi mwangu. "Mtu akisukuma hatua, mwili wote hulalia mfupa mmoja, huu wa shina la kidole gumba, kabla mguu haujaondoka chini. Kwako ndipo ngozi inapokufa. Nikachimba hapo, uzito umwagikie pembeni."

Ndipo nilipojua kwa nini hakuruka.

Fundi aliinua ngozi. Alichokonoa kwa ukucha, akanusa. Kisha akalibandua donge, akaliinua dirishani.

"Garri," alisema. "Tena matabaka mawili. La chini limekuwa jeusi kwa jasho, la juu bado jeupe. Aliyefanya hivi hakufanya mara moja, oga. Aliona halitoshi, akarudi."

Mwalimu aliligusa lile donge kwa kidole, polepole, kama mtu anayepima joto la chai. Kisha akanitazama.

"Viatu hivi hushikwa na nani, Obinwanne?"

Nilikuwa na uongo wa aina nne, wote mzuri. Nilitazama ile karatasi magotini pake.

"Na mimi, Mwalimu. Nilitaka uruke, watu wacheke. Hukuruka. Nikadhani nimeweka donge dogo, nikaongeza."