Trekta Lisilopenda Kuzimwa

Zabroni alisema hakuna injini iliyowahi kuundwa duniani yenye uwezo wa kumficha ugonjwa wake. Aliyasema hayo dukani, akayasema nje ya kanisa baada ya ibada, akayasema hata msibani, ambako kwa kweli watu walikuwa na mambo mengine ya kusikiliza. Nileteeni mashine, alisema, nifumbe macho, ingurume mara moja tu, nami nitawatajia nati iliyolegea. Ni kweli kwamba mashine pekee aliyowahi kuimiliki ni baiskeli, tena ya kurithi. Lakini sikio ni kipaji, na kipaji hakiulizwi cheti.

Kwa hiyo habari zilipoenea kwamba mzee Ambilikile wa Ipinda anaachana na trekta lake, kijiji kizima kilijua nani atakwenda kulikagua. Lilikuwa trekta kuukuu la miaka ya sabini, jekundu zamani, siku hizi rangi ya pilipili iliyosahauliwa juani. Mzee hakutaka fedha. Alitaka maksai wawili waliozoea plau, na maksai waliozoea plau kuliko wote upande ule walikuwa zizini kwa Zabroni: Waziri na Katibu. Waziri alikuwa na pembe nzuri na kifua cha kupigiwa picha. Katibu ndiye aliyejua kazi.

Tatizo ni kwamba wale maksai waliitwa wa Zabroni barabarani tu. Aliyewalea tangu ndama, akawafundisha kugeuka mwisho wa jaruba bila kupigwa fimbo, ni mkewe Tusekile. Mvua zilikuwa zinakaribia. Wale wakiondoka, na trekta likagoma, mashamba yangebaki nyasi na nyumba ile ingekula mchele wa kununua, aibu ambayo kwa mtu wa Kyela ni sawa na mvuvi wa Matema kukutwa na samaki wa kopo.

Zabroni alimweleza mkewe faida za maendeleo kuanzia chai ya asubuhi hadi chakula cha usiku. Tusekile alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akatoa sharti lake.

“Lilete hapa nilione, baba Doreen. Ulizime mbele yangu, uliwashe mbele yangu, bila mtu kusukuma. Likiwaka, chukua ng'ombe. Lisipowaka, hawatoki zizini.”

Zabroni akacheka kama daktari aliyeulizwa na mgonjwa kama sindano inauma.

Siku ya ukaguzi alivaa koti la suti, maana kwetu mtu haendi kukagua mashine akiwa amevaa kama anayekwenda kulima. Alipofika Ipinda alilikuta trekta likinguruma uani, linatoa moshi kwa adabu. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini mzee wa watu anachoma dizeli tangu asubuhi kwa ajili ya mgeni ambaye hajafika. Zabroni alifumba macho. Akainamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia. Vijana wa mashine ya kukoboa ya jirani wakaacha kazi waje kumtazama.

“Mapafu safi,” akatangaza. “Huyu hajawahi kukohoa tangu azaliwe.”

Katika kusisitiza, akaegemea trekta kwa kiwiko. Kiwiko kikagusa waya wa kuzimia injini, na trekta likanyamaza. Zabroni akapanda, akazungusha ufunguo. Likasema tik. Akazungusha tena. Safari hii halikusema hata hiyo tik.

Mzee Ambilikile hakushtuka. Aliwaita wale vijana, nao wakaja bila kuuliza wanaitiwa nini, kila mmoja akaenda kushika sehemu yake kama kwaya inavyojipanga. Wakasukuma mpaka karibu na barabara, likapiga chafya mbili, likawaka. Hapo ndipo mzee alipoona vema kumweleza mgeni ukweli kidogo kidogo. Kwamba stata ilikuwapo, ila imestaafu. Kwamba breki zipo, ila zinataka kupewa taarifa mapema.

“Kwa ujumla lina tabia moja tu, mwanangu,” alisema. “Halipendi kuzimwa.”

Mwenye sikio angeaga pale pale. Lakini Zabroni alikuwa ameshawaambia watu wote kwamba leo anarudi na trekta, na kuna watu walioahirisha safari ya Kyela mjini ili walione. Akajishauri upesi. Mashine isiyopenda kupumzika, akajiambia, si ndiyo hasa mkulima anayoitafuta? Wavivu ndio hupenda kupumzika. Wakakubaliana kwamba analipeleka nyumbani kwa majaribio. Mkewe akiridhika, maksai waje jioni. Kuhusu lile sharti la kuzima na kuwasha, Zabroni aliamua kwamba Mungu na ulimi wake watajua la kufanya.

Safari ilianza vizuri. Watoto walikimbia nyuma, akina mama waliinuka kwenye majaruba kumwangalia, naye akawapungia mkono kama mheshimiwa aliyekuja kuzindua kisima. Ilikuwa hivyo mpaka alipofika pale barabara inapobanwa na mifereji ya mpunga pande zote mbili. Mbele yake alikuwa anakuja mwanamke, chungu kipya kichwani, kutoka gulioni Lyulilo. Akatazama vizuri. Alikuwa mama Rut, mama mzazi wa Tusekile.

Sasa, kwa Wanyakyusa mkwe hasalimiwi kutoka juu. Hata ukiwa kwenye baiskeli unashuka, unasogea pembeni, unachuchumaa, unatazama chini, ndipo unasalimia, naye anakujibu taratibu, akiulizia wa nyumbani mmoja mmoja. Na salamu hiyo haitolewi juu ya ngurumo ya injini, unazima kwanza. Zabroni alijua yote hayo. Alijua pia kwamba akilizima, litalala hapo mpaka enzi za wajukuu wake. Breki nazo hakuwa amezipa taarifa.

Akafanya alichoweza. Akainua kola ya koti ikafunika shavu, akageuza uso nyuma na kulikodolea macho gurudumu, kama fundi aliyesikia jambo, akapita. Mama Rut alishuka mferejini na chungu chake, maji yakamfika magotini, moshi ukamfika kwingine kote. Zabroni hakumtazama. Alijifariji kwamba mtu aliye juu ya trekta hana sura, ana ukubwa tu.

Uani kwake watu walikuwa wamejaa. Akaliingiza polepole, akazungukazunguka mpaka liliposimama lenyewe kwenye lundo la pumba, likiendelea kunguruma. Watu wakapiga makofi. Tusekile alisimama mlangoni pa jiko, mikono kiunoni, akamkumbusha: alizime, aliwashe.

“Mama Doreen, jaribio hilo limeshapita,” Zabroni alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. “Tena shahidi ni mtu wa kwenu.”

Akawasimulia kutoka kule juu kitini. Kwamba njiani amekutana na mama mkwe. Kwamba, trekta si trekta, adabu kwanza; akalizima hapo hapo. Akashuka, akachuchumaa mpaka koti likagusa tope, akamwamkia, wakaulizana habari za wote, hata za kuku. Halafu akapanda, akagusa ufunguo kwa kidole kimoja, na trekta likaitika kabla kidole hakijatoka. Mama mwenyewe alishangaa. Alisema, mkwe wangu, hili usiliache.

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja alisema vijana wenye heshima kama hiyo wamebaki wachache. Tusekile alikuwa anamtazama mumewe kwa upole ambao ungemtisha mtu mwenye sikio.

“Alikuwa na afya njema, mama?”

“Njema kabisa. Amekusalimia.”

“Ndaga,” Tusekile akashukuru, akasogea pembeni ya mlango.

Mama Rut akatoka jikoni. Kitenge alichovaa kilikuwa cha binti yake. Chake kilikuwa kimeanikwa juu ya kuni, matope mpaka magotini. Bodaboda ilikuwa imemleta kwa njia ya mkato, katikati ya mashamba ya kakao, wakati mkwewe bado anapungia watu mkono. Watu wakampisha. Akaja taratibu mpaka mbele ya trekta, akainua uso.

“Mkwe,” alisema, “hawa wote nawaona hawajashiba hadithi yako. Shuka uwaonyeshe tulivyosalimiana.”

Zabroni akaanza kushuka.

“Na hilo ulizime kwanza,” mama akaongeza, “kama ulivyolizima kule.”