Koti Jeupe la Shemeji

Shemeji yangu ana koti moja jeupe la maabara, na koti hilo lina sheria zake. Akilivaa, anasema yaliyo kwenye kitabu cha baiolojia, hapunguzi wala hachanganyi na yake. Akilivua, anasema ya moyoni mwake. Wanafunzi wanaijua sheria hiyo kuliko wanavyozijua kanuni zangu za hesabu, na ndio waliompa jina la Mama Koti. Mimi wameniita Babu Pembe. Nimenyamaza, maana nimesikia majina waliyopewa wenzangu.

Tunafundisha shule moja ya serikali, naye ni mdogo wake mke wangu, kwa hiyo utani baina yetu hauna breki. Mimi humwambia koti lake lingejua kusema lingeomba likizo. Yeye husema upara wangu ndio duara pekee ninaloweza kulionyesha darasani bila bikari. Lakini ukweli wa Mungu ni kwamba sijaona mtu mwenye msimamo kama wake, na mimi si mtu wa kusifu ovyo. Muulizeni mke wangu kama nimewahi kusifu hata mchuzi.

Siku moja nilipita nje ya maabara nikasikia msichana akimuuliza, "Mwalimu, kile kinachokuwa tumboni mwezi wa pili, ni mtu au si mtu?"

Nikasimama. Swali kama hilo shuleni kwetu linaweza kumfanya mwalimu aitwe ofisini kabla hajafuta ubao.

"Kitabu kinasema moyo umeshaanza kupiga, na vidole vinaanza kujitokeza," akajibu. "Hayo ndiyo ya mtihani. Ukitaka kujua ninachoamini mimi, kengele ikilia tuonane nje, nikiwa nimevua koti."

Kengele ikalia, nusu ya darasa ikamfuata uani. Alisimama pale, koti mkononi, akawaambia bila kupandisha sauti, "Mimi ni Mkristo. Naamini huyo ni mtu, Mungu anamjua, na hakuna mwenye haki ya kumtoa. Mwalimu wenu wa historia haoni hivyo, na si mtu mbaya. Nendeni mkamsikilize na yeye."

Hapo ndipo aliponimaliza. Wengi wetu tukiwa na imani, tunawafungia wengine mlango. Yeye aliwatuma watoto kwa mpinzani wake, tena akawaambia kwa adabu.

Wala asidhani mtu kwamba yalikuwa maneno matupu. Wasichana waliojifungua waliporudi kumalizia masomo, yeye ndiye aliyekuwa amewapigania. Wakati wa mitihani vichanga vyao vililala katika chumba kidogo nyuma ya maabara, kati ya mizani na chupa za vioo, naye akisahihisha madaftari huku akibembeleza kapu kwa mguu. Mkuu wa shule aliwahi kwenda kumwambia kwamba pale si mahali pa kulelea.

"Mkuu," akamjibu kwa kunong'ona, "nikisema mtoto azaliwe, halafu nimwache mama yake nje ya geti, nitakuwa napiga domo tu."

Mkuu akatoka, akaufunga mlango polepole asimwamshe mtoto.

Miaka yote hiyo shemeji alikuwa mwakilishi wetu katika chama cha walimu, na mimi mwenyekiti wa tawi. Mwalimu akiitwa mbele ya bodi ya shule, mwakilishi ndiye anayesimama naye. Bodi haimsikilizi mtu mwingine, isipokuwa yule ambaye mwakilishi mwenyewe amemkabidhi kauli. Muhula ule alikuwa na kesi moja iliyomnyima usingizi. Mwalimu kijana wa lugha, wa mkataba, tumbo lake lilianza kuonekana, na bodi ikamwambia mkataba hautaongezwa. Hakuwa na mume wala mshahara mwingine wa kuegemea. Alikuwa na shemeji tu.

Ndipo Karne alipoleta hoja yake.

Karne ni yule mwalimu wa kike wa historia. Tulimwita hivyo kwa sababu hata ukimuuliza saa ngapi, ataanzia karne iliyopita. Makao makuu ya chama yalikuwa yametoa tamko kwamba sheria imruhusu mwanamke kutoa mimba akiamua mwenyewe. Karne alitaka tawi letu liliunge mkono, na kila mwakilishi alisome na kulitetea mbele ya walimu. Asiyeweza, aachie nafasi.

Nyumbani mke wangu alinitazama juu ya sahani. "Ukimwangusha mdogo wangu, baba, jiko unalijua lilipo."

"Mwenyekiti hana upande," nikasema.

"Hana upande, lakini ana tumbo," akasema.

Tulikutana katika chumba cha walimu wakati wa mapumziko. Shemeji aliinuka, akavua koti, akalilaza juu ya kiti. Chumba kizima kikamgeukia, maana hata walimu tulikuwa tumeshaizoea ile sheria.

"Mnanijua," alisema. "Mimi ni Mkristo na sioni haya kulitamka mbele ya chama changu. Kazi mliyonipa ni kumsemea asiyesikika. Nimemsemea mlinzi aliyefukuzwa. Nimewasemea hata ninyi mliochelewa kazini, na wengine mlichelewa kweli." Watu wakacheka. "Sasa kuna mmoja ambaye sauti yake bado haijatoka kabisa. Huyo nikimruka, na ninyi nitakuwa nawasemea kwa mazoea tu. Liungeni mkono tamko kama ndivyo mnavyoona, lakini msinilazimishe kulitetea."

Karne akasimama. Safari hii hakuanzia karne yoyote.

"Mwakilishi ni mdomo wa chama," alisema. "Mdomo hauchagui maneno. Na mimi nina neno langu. Mdogo wangu alipata mimba akiwa chuo cha ualimu. Aliogopa kufukuzwa, akaenda kwa mtu mmoja uchochoroni, akafia chumbani kwake. Kama sheria ingemruhusu, angeenda hospitali. Leo angekuwa anafundisha."



"Nilikuwepo msibani," shemeji akasema taratibu. "Nililala kwako mpaka wageni wote wakaondoka. Namlilia mpaka leo, dada. Nawalilia wote wawili."

Karne akageuza uso kuelekea dirishani. Sikujua kama lile neno lilimfariji au lilimchoma. Nadhani vyote.

Kwetu hatupigi kura kwa mikono. Tuliacha baada ya mwalimu wa michezo kunyoosha miwili. Wanaokubali husogea dirishani, wanaopinga husogea mlangoni, na mwenyekiti anahesabu. Nikasimama, nikakohoa, nikasema, "Haya, ndugu zangu, dirishani au mlangoni. Nendeni!"

Papo hapo kengele ikalia.

Mwalimu aliyelelewa na kengele hana akili mbele ya kengele. Walikamata chaki, wakakamata madaftari, kundi zima likasukumana mlangoni. Mwalimu wa michezo, ambaye dakika moja kabla alikuwa akimpigia Karne makofi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika kitasa. Dirishani alibaki Karne na wenzake wachache walioduwaa.

Nikaona mlango umejaa. Nikaona jiko langu likiwaka. Na ulimi, mnajua, hauna mfupa. "Wengi wako mlangoni," nikatangaza. "Hoja imeanguka!"

Kwa sheria zetu, alichotamka mwenyekiti kimeshatamkwa, labda aliyeshinda mwenyewe akatae. Na ni nani anayekataa ushindi?

"Mwenyekiti," shemeji akaita. Alikuwa bado hajalivaa koti. "Hiyo si kura. Hiyo ni kengele."

Chumba kikaangua kicheko, hata wa mlangoni wakajitazama walipo. Mimi sikucheka. Nilimsogelea nikamnong'oneza, "Shemeji, una wazimu? Mungu amekuokoa, wewe unarudisha!"

"Mungu hanihitaji niibe kwa ajili yake," akanijibu, wala hakunong'ona. "Turudie kesho, kengele ikiwa imezimwa."

Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilikasirika kwa ajili ya yule binti wa mkataba, aliyekuwa amesimama pembeni ameshika tumbo. Lakini chini ya hasira nilisikia kitu kingine, na sasa naweza kukiita jina lake. Ilikuwa fahari. Nilijivunia kwamba mwanamke huyu ananiita shemeji.

Nyumbani mke wangu aliposikia, hakutishia jiko. Alisema tu, "Tangu utotoni yuko hivyo. Ukimzidishia pipi moja, anairudisha."

Kesho yake tukapiga kura, kengele imezimwa. Wengi wakaenda dirishani. Wengine walipita mbele ya shemeji wakiwa wameinamisha macho, naye akawapungia mkono kana kwamba wanaenda safari. Hoja ikapita. Akaondoa beji ya mwakilishi kifuani, akaiweka mezani mbele yangu, akavaa koti lake, akaenda kufundisha. Mahali pake wakamchagua Karne.

Siku ya bodi ilifika. Nilikwenda kama mwenyekiti, nikakaa nyuma na roho mkononi. Binti wa mkataba aliketi mbele, magoti yamebanana. Karne aliketi karibu naye na beji kifuani, na upande wa pili wa Karne, moja kwa moja kutoka maabara, alikuwa shemeji na koti lake. Nilidhani amekuja kumshika binti mkono tu.

"Nani anamsemea mwalimu huyu?" mwenyekiti wa bodi akauliza.

Karne akainuka. "Mwakilishi ni mimi. Namkabidhi kauli mwenzangu huyu."

Macho yalinitoka. Shemeji naye alimtazama Karne kwa mshangao mdogo, kisha akasimama, akataja kanuni za likizo ya uzazi moja baada ya nyingine, bila karatasi.

Mwenyekiti wa bodi akapunga mkono. "Kanuni zetu tunazijua, mwalimu. Na mkataba wake umekwisha, kanuni hazitulazimishi. Tupe sababu nyingine."

Kwa kanuni, shemeji alikuwa amefika mwisho. Akamgeukia Karne.

"Livue," Karne akamwambia.

"Unajua nitakachosema."

"Najua. Na sikubaliani nacho. Wewe livue."

Shemeji akavua koti, Karne akalipokea akalipakata.

"Mimi ni Mkristo," shemeji akaanza, kama alivyoanza siku ile uani na siku ile chumba cha walimu, sauti ileile. "Naamini kila mtoto ana haki ya kuzaliwa, na kila mahali nimelisema hilo. Binti huyu amekubali kumzaa wake, na ninyi mnamwadhibu kwa kukubali. Wanafunzi wetu wa kike wanaona. Kesho mmoja wao akiwa na mimba, atakumbuka mlichomfanyia mwalimu wake. Ataogopa kufukuzwa. Ataenda uchochoroni. Basi siku hiyo tusiulizane nani kamuua."

Nilimtazama Karne. Alikuwa ameliinua lile koti hadi usoni, amelibana kwa mikono miwili, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Hakuna aliyemgusa. Shemeji alikaa, akamwekea mkono mgongoni, akauacha hapo mpaka bodi iliporudi kutoka chumba cha pili na kusema mkataba umeongezwa.

Wakati wa kutoka Karne alikataa kulitoa koti. "Nimelichafua. Nitalifua," alisema, akaondoka nalo chini ya kwapa.

Kwa hiyo kesho yake, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Mama Koti aliingia darasani bila koti. Nilikuwa na kipindi chumba cha pili, na kuta zetu ni nyembamba. Alianza kufundisha jinsi jani linavyotumia mwanga wa jua, akafundisha na kufundisha, na sikusikia kalamu hata moja. Mwishowe msichana akauliza, "Mwalimu, hili la majani ni la kitabu, au ndilo unaloliamini?"

Nikasikia shemeji akicheka, kicheko kirefu cha mtu aliyelala vizuri.

"Yote mawili," akasema. "Andikeni."