Neno la Kuombea Njia

Mwanapili wa Msambweni alikuwa yaya wa mtoto wa Ornella, Mtaliano mwenye nyumba pale Diani. Miaka aliyokaa naye ilimtosha kuokota Kitaliano kwa masikio. Kwa hivyo asubuhi ile ya mwaka wa sabini na mbili, walipopanda ndege ndogo pale Ukunda kwenda Nairobi, hakuwa na wasiwasi wa maneno. Alihofia tumbo lake tu.

Kiti chake kilikuwa dirishani. Upande wa njia alikaa ajuza wa Kitaliano, mvi tupu, mkoba mapajani. Mwanapili, mtoto begani, aliinama kwa adabu zote alizofunzwa na mamake, akasema kwa sauti laini:

"Ciao. Muoviti."

Ajuza alimkazia macho, akageuza uso. Mwanapili alidhani hakusikia. Akarudia, safari hii kwa tabasamu. Ajuza akafoka, abiria wakageuka. Kiti cha nyuma, Ornella alicheka hadi machozi.

Padri mmoja wa misheni, naye Mtaliano, akamwambia kwa Kiswahili, "Binti, 'ciao' ni ya watu wa rika lako. Na hilo la pili ni kama kusema, 'Hebu ondoka hapo!' Mtu mzima huamkiwa 'buongiorno, signora'. Ukitaka kupita, sema 'permesso'."

Uso ulimwaka moto. "Muoviti" ndilo neno aliloambiwa jikoni kila siku Ornella alipotaka kupita. Yeye alidhani ndiyo hodi yao.

"Buongiorno, signora," alisema. "Permesso."

Ajuza akavuta miguu, akampisha.

Ndege ilipokwisha kupaa, Mwanapili aligeuka nyuma. "Memsabu, mimi nilikufundisha shikamoo ili umwamkie mama yangu vizuri. Mbona wewe hukunifundisha?"

"Hukuuliza," alisema Ornella, bado akijipangusa macho. "Na ungemwambia nani?"

Mwanapili akageukia dirisha kwa hasira.

Walipotua Nairobi, Ornella alimwamrisha kwa Kitaliano abebe begi.

"Sema kwa Kiswahili, memsabu."

Ornella akarudia kwa Kitaliano, kwa sauti ya juu. Mwanapili alimweka mtoto sawa begani, akasimama pale pale kwenye lami. Hatimaye Ornella akaliinua begi mwenyewe, akinung'unika, akatangulia.

Mwanapili akamfuata. Hasira haikuwa imempoa hata kidogo.