Buti za Kamate

"Papa, rubani ni nani?" Apolline aliuliza, kichwa ndani ya kamusi yake ya shule.

"Ni piloti," Kamate alijibu bila kugeuka. Alikuwa akipima gunia la maharagwe la Mama Katungu, na ncha ya buti yake ilikuwa chini ya sahani ya mizani, ikiinyanyua kidogo. Wafanyabiashara wote wa uwanja wa ndege wa Goma waliipenda buti ile. Gunia la kilo tisini lilisomeka sabini, na Kamate alirudi nyumbani, mtaa wa Mapendo, na kibakuli cha maharagwe. Nani angemlaumu? Vita vilikuwa vimekata barabara ya Beni, na kila mtu alitaka mzigo wake uruke.

Leo Apolline naye alikuwa anaruka, aende kusoma Beni kwa shangazi yake.

"Wanaandika neno lilitoka kwa Waarabu," aliendelea. "Zamani, mbele ndege zianze, rubani alikuwa mutu wa maji. Anaingiza chombo bandarini, anajua mawe iko wapi."

Kamate, mzaliwa wa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi, akavutiwa. "Anajua namna gani, na mawe iko chini ya maji?"

"Labda kuna mwenzake anatupa kamba yenye chuma. Anapima kina, anamwambia."

"Na kama mwenzake anadanganya?"

Apolline akacheka. "Papa, hiyo kitabu haisemi."

Kamate akautazama uwanja. Januari ya mwaka ule lava ya volkano ya Nyiragongo ilikuwa imefunika upande mmoja wa njia ya kurukia, na sehemu iliyobaki ilikuwa fupi. Rubani hakuwahi kuinua gunia hata moja. Alijua tu namba aliyopewa na Kamate.

Na rubani huyo akaja, kalamu mkononi. "Muzee Kamate, kilo ngapi?"

"Ngoja, piloti. Tunapima tena."

Akavua buti zote mbili, akaziweka kando, akasimama mbali na mizani. Uzito wa kweli ukazidi; magunia manne yakabaki chini, mawili ya Mama Katungu.

"Kamate, unanifanyia hivi?"

"Unisamehe, mama. Mutoto wangu iko ndani."

"Na siku zingine," Mama Katungu akauliza polepole, "ndani mulikuwa watoto wa nani?"

Kamate akageuka kuitazama ndege iliyombeba Apolline. Ndege ilikimbia, ikakimbia, ikainuka karibu kabisa na mwisho wa njia, ikaelekea ziwani. Alisimama peku kwenye lami ya moto mpaka ikawa nukta.

Nyuma yake, mfanyabiashara mwingine alikuwa ameshaweka gunia lake juu ya mizani. Akazisogeza zile buti kwa mguu, taratibu, karibu na Kamate, akangoja.