Farasi Aliyetazama Kushoto

Mwaka ule wa 1787 majimbo kadhaa ya Marekani yalikuwa bado yanajipigia sarafu zao, na New Jersey ilitaka za kwake za shaba ziwe na kichwa cha farasi anayetazama kulia, juu ya plau. Miaka kumi na mmoja Obadiah Crane alikuwa akichonga chuma, na moyoni alijua farasi huyo ni wake. Kazi akapewa Philo Marsh, mgeni aliyeingia karakanani baada ya Pasaka. Obadiah akaachiwa kuchonga herufi za pembeni. Wivu ukamtafuna.

Asubuhi moja Philo akamletea chuma alichokichonga, kile cha kugongea sarafu.

"Kaka Obadiah, hebu nitazamie kabla sijakitia motoni. Kiko sawa?"

Mungu wangu, farasi gani yule! Shingo imejaa, manyoya yanapepea. Obadiah alitamani kumtemea mate. Ndipo akaona kwamba farasi katazama kulia. Mchongaji hutakiwa kuchonga kinyume, kwani ukichonga kulia, sarafu hutoka imetazama kushoto. Philo, kwa kunogewa na kazi, alisahau. Neno moja tu lingemwokoa.

"Sina la kuongeza," Obadiah akasema. "Kitie moto."

Chuma kikishapita motoni hakichongeki tena. Sarafu za kwanza zilipodondoka, karakana nzima iliangua kicheko.

"Philo, farasi wako anaikimbia plau?" fundi mmoja akauliza.

Mwenye karakana hakucheka. Alimfukuza Philo siku ile ile, ila shaba haitupwi, sarafu zikaenda sokoni hivyo hivyo.

"Kuanzia kesho farasi ni wako, Crane," akasema.

Mwezi mzima Obadiah alitembea akipiga mluzi. Kisha Jumamosi moja mkewe, Thankful, akaweka sarafu kando ya sahani yake ya maharage.

"Nimerudishiwa chenji kwa muuza unga. Hii siitumii ng'o! Ona shingo hiyo! Miaka yote nimeolewa na fundi, kumbe sijui. Ni kazi yako, si ndiyo?"

Mfukoni mwa aproni yake zililia nyingine tatu, za farasi wa Obadiah, anayetazama kulia. Hizo alikuwa amezitenga za kununulia chumvi.

"Ni yangu," Obadiah akasema.

Thankful akambusu kwenye paji la uso, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu majira ya baridi. Kisha akaiegemeza sarafu juu ya meko, mbele kabisa ya kiti cha mumewe, ili kila akila aione.