Shubiri za Babu

Mimi ni mkewe, kwa hiyo nikisema mzee wangu ni mkaidi simsengenyi, namtambulisha tu. Ni fundi seremala, na maisha yake yote hajapima ubao kwa tepu. Anapima kwa shubiri. Anaubandika mkono wa kushoto juu ya ubao, anautanua kuanzia kidole gumba hadi kidole cha mwisho, na wa kulia unaweka alama kwa penseli. Milango, makabati, hata kitanda tulichoanzia ndoa, vyote vilitoka kwenye mkono huo. Wateja wapya walimcheka, kisha mlango unaingia kwenye fremu yake bila kukwaruza, wanafunga midomo.

Kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Mguu ulirudi, ukiburuta kidogo. Mdomo ulirudi, tena mkali kuliko zamani. Mkono ndio uliobaki umejikunja. Kila asubuhi niliukanda kwa maji ya moto, naye akiugombeza kama mwanafunzi mtoro. Karakana yake nyuma ya nyumba ilifungwa, buibui wakahamia. Kutwa alikaa sebuleni kaugeukia ukuta, na nikimuuliza hata habari ya bawaba iliyolegea ananijibu, "Kamuulize fundi." Mtu unaweza kumwosha, kumlisha, kumgeuza kitandani, lakini kwa hilo sikuwa na dawa. Nilikuwa naishi na mtu aliyekwisha kujiaga.

Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, ndiye aliyemwinua. Alipiga simu kutoka mji anakoishi na mumewe, akasema ana mimba. Mume alikuwa amekwisha kuchagua kitanda cha mtoto dukani, cha plastiki, akakatazwa.

"Mwanangu atalala kwenye kitanda chako, baba," alisema. "Kile cha kubembea, kama ulichonitengenezea mimi."

Mzee alinirudishia simu bila kuaga, akaenda kutafuta ufunguo wa karakana.

Nikasikia randa tena. Mkono wa kulia ulikuwa mzima, ndio wa kazi zote. Wa kushoto ulishikilia tu, na kupima. "Unafunguka," aliniambia, akinitanulia vidole mbele ya uso. "Tazama, umerudi kama zamani." Nilitazama, nikaona vimenyooka kuliko jana, nikashukuru Mungu. Mara moja tu nilimwambia, kwa upole ambao si wangu, kwamba labda ajaribu tepu. Akaniuliza kama na mimi chumvi ya mchuzi huwa naipima kwa mizani.

Kilipokamilika, nililia. Kila kiungo kilikuwa kimekaza, hata ukucha haupiti. Chini mbao mbili zilizopinda. Ukikigusa kidogo kinakwenda na kurudi bila kelele. Kilikuwa kidogo, lakini nilijiambia watoto nao ni wadogo, tena ni miaka mingi tangu nishike mtoto mchanga. Yeye alikizunguka akipiga mluzi. Nikatumwa godoro.

"Chukua lile la kawaida," alisema. "Vitanda vyangu vyote vya watoto vinaingia godoro la kawaida."

Halikuingia. Alisukuma huku, likanyanyuka kule.

"Wezi wakubwa hawa wauza magodoro!"

"Mwizi gani huyo anayekuzidishia?" nikamuuliza, nikicheka.

Hakucheka. Alikitazama kitanda, akautazama mkono wake, kisha akaenda kwenye mlango wa karakana. Mlango ule aliutengeneza mwenyewe, upana shubiri nne kamili, na nimemsikia akiutaja kwa kila mteja. Akaubandika mkono ukingoni, akaanza kuhesabu kwa sauti. Nne haikufika mwisho. Aliendelea mpaka sita.

Akarudia. Sita.

Hapo nikaelewa kwa nini viungo vilikutana vizuri vile. Kila kipande kilikuwa kimepungua sawasawa na mwenzake.

Nikamwambia mbao zipo, tepu nitanunua mimi, aanze upya. Alikifunika kitanda kwa shuka, akafunga karakana. Mjukuu alizaliwa, mvulana mwenye mapafu ya nguvu. Tulimsikia kwenye simu akilia, na babu yake akasema "haya" na kurudi kwenye ukuta wake. Nilimchukia wiki hizo, na nilimwonea huruma mpaka nikakosa usingizi.

Walikuja mtoto akiwa na miezi miwili. Binti hakungoja hata maji ya kunywa. Alichukua ufunguo, akaenda moja kwa moja karakana, akavuta shuka, akamlaza mwanawe. Kichwa kikagusa ubao wa juu, nyayo zikagusa wa chini, magoti yakapanda. Mtoto akaanza kulia.

Huyu binti yangu ni mtu wa kusema ukweli hata usipoombwa. Siku ile alikibembeza tu kitanda.

"Kizuri sana, baba. Kinamwenea. Si unaona, yeye anapenda kujikunja."

"Mtoe," mzee alisema.

"Baba, kinamwenea."

"Mtoe. Usinikunjie mtoto kwa ajili ya kunifurahisha."

Mkwe wetu, kijana mpole kupita kiasi, akadakia, "Hakipotei kitu, baba. Tutakiwekea nguo zake."

Hakuwa na nia mbaya, maskini. Wakakibeba wawili hadi garini, wakikisifu njia nzima. Maisha yake yote mzee aligombana na wateja, mara mguu wa meza mrefu, mara droo inakwama, na alivipenda vita vile. Sasa wanamsifu. Alibaki amesimama mbele ya benchi la kazi, hana wa kugombana naye.

Sikuweza kuvumilia. Niliuvuta ubao mpya, nikaulaza benchini, nikaubandika mkono wangu wa kushoto juu yake na kuutanua mpaka ukauma.

"Pimia wangu," nikamwambia. "Huu mzima. Pima, mzee, nitausogeza unapotaka."

Aliinama. Akaisogeza penseli hadi kwenye kidole changu cha mwisho, nikadhani anachora.

"Huu siujui," alisema.

Akavifunga vidole vyangu kimoja kimoja, akanirudishia mkono wangu.